Shika Kinachofuata Kabla ya Kuachilia

Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Aghalabu methali hii huwaonya wenye tamaa. Kwa kijana mmoja wa Kakuma aliyekuwa akisomea kompyuta mjini Lodwar, ilipata maana nyingine usiku mmoja, mbele ya programu iliyokataa kutii.

Kijana huyo alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992 kuwapokea watoto na vijana waliotoka Sudan kwa miguu. Vijana wa mtaa wake walikuwa na chama cha akiba, naye akajitolea kuandika, kwa lugha ya C, programu ya kutunza majina ya wanachama. Aliyapanga kwa orodha ya mnyororo. Katika orodha hiyo, kila jina hukaa mahali pake katika kumbukumbu ya kompyuta, likibeba anwani ya jina linalolifuata. Hakuna jina liijualo orodha nzima. Kila moja humjua jirani yake tu.

Tatizo lilizuka alipotaka kuwaondoa wanachama waliohamia ng'ambo. Programu ilifika kwenye jina, ikalifuta na kuirudisha nafasi yake, kisha ikaliuliza jina lilelile lililokwisha kufutwa: ni nani anayekufuata? Ajabu ni kwamba mara nyingine jibu sahihi lilipatikana, kwa kuwa nafasi ile ilikuwa haijaandikwa kitu kingine. Mara nyingine programu ilianguka. Kosa la namna hii ni baya kuliko lile linalojitokeza papo hapo, kwani humpa mwenyewe usingizi usio wake.

Dawa ni fupi: kabla ya kumgusa aliyepo, nakili kwanza anwani ya anayefuata, ndipo uachilie. Waandishi wa kiini cha Linux wameihifadhi hekima hiyo katika zana iitwayo list_for_each_entry_safe. Hata hivyo, usalama huo una mpaka. Humkinga anayelifuta jina alilolifikia. Haumkingi iwapo mkono mwingine utalifuta wakati huohuo jina linalofuata, ambalo anwani yake imekwisha kunakiliwa. Hapo hapana budi kutia kufuli: mmoja aingie, wengine wangoje.

Alipoirekebisha programu na kuiendesha upya, ilisimama kwenye jina la rafiki yake wa utotoni, ikimwuliza kama alifute. Familia ya rafiki huyo ilipanda ndege kuelekea Marekani mwaka 2016. Siku ya kuagana walicheka na kupiga picha, lakini hakuna aliyekumbuka kuuliza wanakofikia. Baada ya majuma machache, nambari ya simu ya Kenya ilinyamaza. Kijana aliitazama skrini kwa muda mrefu. Kanuni aliyojifunza usiku ule ilikuwa imemfikia kwa kuchelewa.

Mwisho wa juma alipanda gari kurudi Kakuma, mwendo wa kilomita zipatazo 120. Jirani zao walikuwa wakifunga mizigo. Zamu yao ya kusafiri ilikuwa imewadia. Mama wa nyumba ile alimnyoshea mkono wa buriani.

"Ngoja kwanza, mama," alisema kijana, akitoa daftari. "Niandikie mnakokwenda."

Alipokwisha kuandika, ndipo akaupokea mkono wake.