Nilichokuwa Nakikata

Ndugu wa uamsho wanapotoa ushuhuda hutaja siku, mwezi na hata saa waliyookoka. Mimi niliyebadilika kikazi siwezi kutaja siku. Najua tu kwamba mwaka wa 2015 nilikuwa mtu wa DVD, na kwamba leo studio yangu hapa Nyeri mjini imebakiwa na katoni moja ya DVD tupu, ambayo imegeuka kiti cha wateja.

Mwaka huo naukumbuka kwa sababu ya Nyaatha. Tarehe 23 Mei 2015, Sista Irene Stefani, mmisionari wa Consolata aliyeitwa Nyaatha na watu wa huku na kufariki Gikondi mwaka wa 1930, alitangazwa mwenye heri katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Sisi wapiga video wa mji huu tulikuwa pale na kamera zetu begani, na siku zilizofuata tuliuza DVD kwa wanakwaya na kwa akina mama wa parokia waliotaka kujiona katika kitenge cha siku ile. YouTube ilikuwa tayari na miaka kumi. Tuliijua, lakini tuliiona kama mahali pa kutazama nyimbo za mugithi bila kulipa, wala haikutujia kwamba ingeweza kuwa mahali pa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kukata. Matanga ya kutwa nzima yalirudi kwa familia yakiwa mafupi kama filamu. Nilikata foleni ya kutazama mwili. Nilikata ule mwendo wa taratibu kutoka hemani hadi kaburini. Katika kutia udongo nilibakisha watatu: mjane, kifungua mimba na padri. Wengine wote waliotembea kutoka Othaya au waliopanda matatu kutoka Kerugoya wakaishia kwenye pipa la kompyuta. Palipokuwa na upepo na watoto wakilia niliweka wimbo, na kwenye kona ya skrini njiwa wawili wakipaa. Familia zilipenda njiwa. Sitawasema vibaya njiwa, walinilipia karo.

Halafu ikaja Machi 2020. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13. Ndege za kimataifa zilisimama mwezi huohuo, na Aprili 6 Nairobi na viunga vyake vikafungwa, mpaka ukiwa daraja la mto Chania pale Thika. Mazishi yakaruhusiwa watu 15. Kwa mtu wa kwetu, 15 hawatoshi hata kubeba jeneza kwa zamu na kupika chai. Mtoto wa marehemu aliyekuwa Zimmerman, Nairobi, hakuweza kuvuka Chania, sembuse aliyekuwa Massachusetts.

Hapo ndipo familia moja ya Mukurwe-ini iliponiuliza kama naweza kupeperusha mazishi ya mama yao mubashara. Nilisema naweza, kisha nikatafuta namna. Walikuwa na binti aliye Lowell, mji wa Marekani wenye Wakenya wengi, anayefanya kazi ya kutunza wazee zamu ya usiku. Ibada ya saa nne asubuhi hapa kwetu humkuta mtu wa Lowell saa tisa ya usiku, na wakati wao wa baridi huwa saa nane. Aliitazama yote, kisha akapiga simu jioni. Nilitarajia aulize juu ya mahubiri, maana nilikuwa nimemweka padri katikati ya picha vizuri mno.

"Padri namjua, ndugu yangu," akasema. "Yule mzee mwenye kofia ya buluu, nyuma ya migomba, ni mjomba? Mbona uligeuza kamera kabla hajafika karibu? Mimi nilitaka kuona nani amekuja."

Kazi yangu yote ilibadilishwa na maneno hayo, ingawa ilichukua muda. Aliye mbali hahitaji kupangiwa hadithi ya matanga. Anataka kukaa pale, achoke kama sisi, ahesabu jirani gani ameonekana na yupi ameshindwa kuja, aone mugumo bado umesimama na kwamba paa la jikoni limebadilishwa. Kile nilichokuwa nakikata ndicho anachokitaka. Siku hizi kamera moja haiondoki kwenye njia ya kuingilia tangu hema linapofungwa. Kaburini naiacha ikitazama mikono yote inayotia udongo mpaka wa mwisho. Ni video ya kuchosha, na mgeni asiyemjua marehemu hawezi kuimaliza.

Sasa niseme ya ufundi, kwa vijana wanaonijia kutoka Karatina na Nanyuki wakiuliza nimeanzaje. Chaneli mpya hairushi mubashara siku hiyohiyo: ukiomba ruhusa kwa mara ya kwanza unathibitisha nambari ya simu, kisha unaweza kusubiri hadi saa 24. Kijana anayefungua chaneli asubuhi ya mazishi ameshachelewa. Kurusha kwa simu YouTube inadai chaneli iwe na wafuasi wasiopungua 50. Kwa laptopu yenye programu kama OBS, ambayo ni ya bure, sharti hilo halipo. Tangu Julai 2025 anayerusha lazima awe na miaka 16 au zaidi, kwa hiyo mpwa wa gredi ya saba atabeba nyaya tu. Na matangazo yakizidi muda wa saa 12 usitegemee yahifadhiwe yenyewe. Kwa maemsii wetu hilo si jambo la kupuuza.

Mtandao ndio shida ya milima. Kila bonde lina laini yake, na laini inayoshika juu barabarani hufa ukishuka mtoni. Mimi hutembelea boma siku moja kabla na laini za kampuni mbili, nikapima pale hasa kaburi litakapokuwa. Starlink ilipofika Kenya Julai 2023 baadhi yetu tulichangishana tukanunua sahani. Inasaidia sana upande wa Kieni ambako mbingu iko wazi. Mathira na Tetu, chini ya mikima iliyozunguka kila shamba la chai, sahani hutafuta anga na kukuta matawi, na mwenye shamba hawezi kukata miti kwa ajili ya ibada ya muda wa saa tatu. Hapo narudi kwenye laini, nashusha picha hadi 720p na kuhakikisha sauti haikatiki. Watu huvumilia picha yenye ukungu; wasichovumilia ni kukosa kusikia wasifu wa marehemu.

Muziki nao. YouTube ina mfumo uitwao Content ID, wa tangu 2007, unaolinganisha sauti na picha na kazi zilizosajiliwa na wenyewe. DJ akicheza wimbo wa injili wa msanii maarufu kutoka kwenye flashi, matangazo yanaweza kunyamazishwa au kusimamishwa, na onyo la hakimiliki likifika la tatu ndani ya siku 90 chaneli nzima inaweza kufungwa. Namwomba DJ acheze kabla sijaanza kurusha. Ibada ikianza, kwaya ya kanisa iimbe yenyewe, na wale wa majuu hufurahi zaidi kusikia sauti ya shangazi ikitoka nje ya ufunguo.

Kisha swali la nani atazame. Video inaweza kuwa ya wote, ya faragha, au ile ya katikati isiyoorodheshwa, ambayo huonwa na mwenye linki tu. Mazishi ninayaweka hapo katikati, nami najua gharama yake. Ili ulipwe sehemu kamili ya fedha za matangazo ya biashara unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12, na saa za video zisizoorodheshwa hazihesabiwi. Familia ndiyo hunilipa, kama inavyomlipa mwenye hema na viti. Kuna wenzangu wanaoweka matanga yote wazi, na kichwa cha habari chenye machozi ndani yake. Wanafika 4,000 upesi. Mimi naona mjane wa Chinga hakukubali kutazamwa na watu wa Mombasa alipoanguka kaburini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo kwa ajili ya watu kama yeye, hata kama hajawahi kuisikia.

Gumzo la pembeni nalifunga, au namweka binamu mmoja alisimamie. Sababu ni M-Pesa. Mtu asiyejulikana huandika, "Rambirambi zitumwe hapa," na nambari yake. Nambari ya kamati huandikwa chini ya video na mimi mwenyewe, baada ya mweka hazina kunisomea mara mbili.

Msaidizi wangu yuko upande mwingine, na simlaumu. Yeye hurusha ruracio, yaani sherehe za mahari, na maharusi wakikubali anaweka wazi. Alipofikisha dola 10 Google ilimtumia nambari ya siri kwa barua, barua ya kweli yenye stempu. Kijana ambaye hajawahi kuwa na sanduku la posta ilibidi aazime la mjomba wake, 10100 Nyeri, na akawa anapita posta kila siku kama mpenzi wa zamani. Malipo hutoka yakifika dola 100. Asilimia 55 ya fedha za matangazo kwenye video ndefu ni yake. Video fupi fupi hutoa 45. Na tangu Sheria ya Fedha ya 2023 serikali nayo inadai asilimia 5 ya pato la kazi za mitandaoni.

Habari moja ya kuwahimiza: waliorusha matanga kwa Facebook wasiache hivyo. Tangu Februari 2025 video mpya za mubashara hukaa siku 30 tu kisha hufutwa, na zile za zamani nazo zikawekwa kwenye foleni ya kufutwa. Pakueni mapema. Mimi hata za YouTube nazipakua, nikawapa familia flashi mbili, moja ya kifungua mimba na nyingine ya dada yake, ili siku wakikosana kuhusu shamba asiwepo wa kuificha.

Kinachotusumbua sasa ni kufunguliwa kwa jeneza. Aliye Lowell au Doha anasema hiyo ndiyo nafasi yake pekee ya kuaga, kamera isiondoke. Wazee wa ukoo wanasema uso wa marehemu si wa simu. Nimewahi kuwasikia ndugu wakibishana juu ya hili jikoni huku sufuria za githeri zikichemka, kila mmoja akinitazama mimi niamue. Siamui. Kamati hukubaliana usiku wa kuamkia mazishi, ikaandika uamuzi kwenye kundi la WhatsApp la familia ili wa majuu nao wausome, na mimi nawasha gari nikishauona.