Kitufe Kilichojibonyeza

Shangazi yangu hahesabu mizani kwa vidole, huisikia. Ukimsomea mshororo wa mizani 15 mahali palipotarajiwa 16, husita kidogo, mithili ya mtu anayeshuka ngazi gizani akakosa kidato kimoja, kisha hukwambia, “Rudia hapo, mwanangu.” Mimi sikujaliwa sikio hilo. Kwa kuwa sikujaliwa, niliandika skripti.

Alikuwa amenikabidhi madaftari manne yenye tungo 96, nyingi zikiwa tarbia, nane ukwapi na nane utao. Mtoto wa jicho alikwisha kumzuia kuusoma mwandiko wake mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuzipiga chapa tungo hizo, kuzikagua pamoja naye, na kuzifikisha kwa mchapaji kwa siku tuliyoahidi.

Wapenzi wa ushairi mtadhani kwamba kuhesabu mizani ni kazi nyepesi kwa mashine: hesabu irabu, umemaliza. Nami nilidhani hivyo kwa muda wa jioni moja. Kisha nikakutana na neno “mbaya”. Katika “mtu mbaya” neno hilo lina mizani tatu, kwa kuwa ile m ni kiambishi cha ngeli ya watu nayo husimama peke yake. Katika “njia mbaya” lina mizani mbili, kwa kuwa m hiyo ni n iliyogeuka mbele ya b, nayo imeshikamana na silabi inayoifuata. Herufi ni zilezile tano. Mashine haiwezi kuzitofautisha ila iwe inajua nani au nini kinachosemwa kuwa kibaya. Ongeza hapo “nchi”, “nta” na “mbu”, ambamo nazali husimama peke yake kwa kuwa shina ni fupi mno. Nikaona kwamba skripti yangu italazimika kuuliza, na kwamba atakayeulizwa ni Shangazi.

Hapo ndipo nilipohitaji madirisha. Kazi zangu nyingi za kompyuta nazifanya katika ganda, yaani ule uwanja mtupu ambamo mtu huandika amri, akabonyeza kitufe cha kuingiza, mashine ikatii. (Natumia “ganda” kwa makusudi. Mfaransa Louis Pouzin ndiye aliyelipa jambo hili jina lake la Kiingereza katika miaka ya 1960, na maana yake ni hiyohiyo ya kitu kinachokizunguka kiini. Kulitohoa jina hilo likawa “sheli” kungetupeleka kwenye kituo cha mafuta.) Ganda linanitosha mimi. Halimtoshi mama wa miaka sabini na kitu anayeona vivuli, anayehitaji mshororo mmoja tu mbele yake, kwa herufi nene kama kidole gumba, na vitufe viwili chini yake.

Nilichagua chombo cha zamani kiitwacho wish. Ni ganda la amri kama maganda mengine, ila hili linajua kufungua madirisha. Jina lake ni ufupisho wa maneno hayo, na kwa Kiingereza linasomeka pia kama neno la kutamani. Limejengwa juu ya lugha ya Tcl, ambayo John Ousterhout aliianzisha mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na zana za madirisha ziitwazo Tk zilizofuata baadaye. Ukiliita wish bila neno jingine, dirisha tupu hutokea kwenye kioo likangoja. Unaandika amri ya kuumba kitufe, kitufe kinakuwapo lakini hakionekani. Unaandika amri ya pili, pack, ndipo kinapopata mahali pa kukaa. Ukishaziridhia amri zako, unazihifadhi katika faili, na tangu hapo unaandika wish na jina la faili hilo, basi.

Kwa wapenzi wa lugha kuna starehe ya pekee humo. Kila dirisha hupewa jina lenye nasaba: baba wa yote huitwa nukta, na watoto hufuata, .baraza.kiti.kubali, kama tunavyotaja bin fulani bin fulani, ila hapa huanzwa na babu. Jina la dirisha haliruhusiwi kuanza kwa herufi kubwa. Tena amri zenyewe zinaweza kupewa majina mapya. Niliandika mstari mmoja, interp alias {} kitufe {} button, na kuanzia hapo nikawa naumba vitufe kwa kuandika “kitufe”. Nusu ya skripti yangu ilisomeka kwa Kiswahili. Haikuwa na faida yoyote kwa mashine, lakini niliifurahia kupita kiasi.

Kazi ilikwenda hivi. Skripti ilisoma tungo zote, ikaweka kando mishororo 61 ambayo hesabu yake haikutimia au ilitia shaka. Kwa kila mmoja niliandaa pendekezo langu katika faili la pili. Dirisha lilionyesha mshororo wa Shangazi juu, pendekezo langu chini, na vitufe viwili: “Kubali” na “Acha”. Mimi nasoma, yeye anaamua, mimi nabonyeza.

Siku ya kwanza nilijaribu kuiendesha nikiwa chumbani, kwa kuingia katika kompyuta ya sebuleni kupitia mtandao wa nyumba. Ganda likanijibu kwamba halijui kioo cha kuchorea. Katika mfumo wa X, unaobeba madirisha ya Linux, anayetoa amri na kioo kinachoonyesha ni pande mbili, na zaweza kuwa mbali. Sharti ganda liambiwe kioo ni kipi. Nikatanguliza DISPLAY=:0 mbele ya amri yangu, nikabonyeza. Mbele yangu hapakutokea kitu. Kutoka sebuleni nikasikia, “We mwanangu! Kuna kitu kimefunguka huku!” Amri ilikuwa yangu na dirisha lilikuwa lake. Tulicheka sana.

Tulipita mishororo 23 kwa siku nne. Ilikuwa polepole, kwa kuwa Shangazi hakubali wala hakatai mshororo kabla hajasimulia ulikotoka. Kisha akaalikwa harusini Pangani, akakaa wiki nzima, na siku ya mchapaji ikakaribia. Ilibaki mishororo 38.

Tk ina amri iitwayo invoke. Ukiiandika baada ya jina la kitufe, kitufe hicho huendesha amri ileile ambayo kingeiendesha kama kingebonyezwa na mkono. Imewekwa kwa sababu nzuri. Wanaojaribu programu huihitaji. Nikaongeza mstari mmoja mwishoni mwa skripti: baada ya dirisha kufunguka, .kubali invoke. Nikarudi kwenye ganda nikaiendesha. Madirisha yakawa yanatokea na kutoweka, mshororo mmoja baada ya mwingine, kitufe kikitii bila kidole. Haikufika hata dakika moja. Nakiri kwamba ilipendeza kutazama. Nilijiambia kwamba mapendekezo yalikuwa mema, kwamba mizani zilikuwa zimetimia, na kwamba nitamweleza akirudi. Sikumweleza.

Rasimu ilipokuja kutoka kwa mchapaji tukaketi nayo barazani baada ya alasiri. Nilikuwa namsomea, yeye akitikisa kichwa kwa mwendo wa beti. Tukafika kwenye utungo alioutunga mwaka aliofiwa na mumewe. Nikasoma: “Nakungoja barazani, kiti chako ki kitupu.”

Akanyamaza. Nikadhani hakusikia, nikarudia.

“Hiyo ki imetoka wapi?” akauliza.

Mshororo wake katika daftari ulikuwa “Nakungoja barazani, kiti chako kitupu.” Nane na saba. Skripti iliukamata kwa haki, nami nikapendekeza ile ki ya kale ya ushairi, iliyoziba pengo bila kugusa maana. Nilianza kumweleza hayo: kwamba utao ulipungukiwa, kwamba wahakiki wangeuona upungufu.

“Najua umepungukiwa,” akasema. “Nimetunga miaka arobaini, nisijue nane na saba? Mizani hiyo ni yake. Niliiacha wazi. Wewe umemkalisha mtu mwingine pale.”

Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nikilingoja tangu aliporudi Pangani: ni nani aliyesema ukubaliwe? Nikamwambia kwamba kitufe kilibonyezwa. “Na nani?” Sikuwa na jina la kutaja. Nikamweleza habari ya invoke kadiri nilivyoweza. Alisikiliza kwa makini, kwa kuwa yeye ni msikilizaji, halafu akasema, “Kumbe uliniweka mimi ndani ya hiyo mashine, ukaniitikisha.”

Hakukasirika kwa muda mrefu. Alikasirika hadi magharibi. Nami nilikosa usingizi zaidi yake, maana nilifahamu kwamba zaidi ya huo kulikuwa na mishororo 37 ambayo hakuisikia bado, na sikumbuki hata nusu yake.

Ganda, kwa bahati, halisahau. Tungo za awali nilikuwa nimezihifadhi. Nikaendesha diff baina ya faili la madaftari na faili la rasimu, likanipa kila mstari uliobadilika. Nikaondoa mishororo 23 tuliyoikagua pamoja, nikaifuta .kubali invoke, nikairudisha skripti kama ilivyokuwa mwanzo. Mchapaji nikamwomba wiki mbili, akanipa moja kwa manung’uniko.

Safari hii nilileta kompyuta barazani. Tulirudia yote 38. Mishororo 31 aliikubali, mingine kwa shukrani, maana kweli kalamu ilikuwa imeteleza. Sita akairudisha bila maelezo. Ule wa kiti aliusogeza uwe wa mwisho. Dirisha lilipofunguka nilimsomea sehemu ya juu, nisisome pendekezo langu. Chai yetu ilikuwa imepoa, na kile kiti cha miwaa kilikuwa palepale kinapokuwa siku zote.

“Kipo wapi hicho cha Acha?” akauliza.

Nikamshika mkono, nikauweka juu ya kipanya, nikaisogeza mishale pamoja naye hadi mahali pake. Kisha nikauondoa mkono wangu. Akabonyeza mwenyewe.