Wanamcheza Nani?

Bibi yangu ameingia ukumbi wa maonyesho mara moja tu, na ni mimi niliyempeleka. Tulitoka Zinga kwa daladala hadi Bagamoyo mjini, yeye kavaa doti mpya kama anayekwenda harusini, tukaketi safu ya tatu pale TaSUBa. Wanafunzi walicheza ngoma ya kumtoa mwali. Msichana kafunikwa kanga gubigubi, mkononi kashika mwana hiti, kile kisanamu cha mti kisicho na mikono ambacho mwali wa Kizaramo hupewa akilee kama mtoto siku anazowekwa ndani. Ngoma zikalia, viuno vikazunguka, watalii wakanyanyua simu. Mimi nikawa naandika.

Bibi akaniinamia sikioni. "Mwali ndiye yupi?"

Nikamwonyesha.

"Huyo namwona, kafunikwa. Nauliza mwali."

Nikamweleza kwamba hakuna mwali, ni mwanafunzi anaigiza, na kesho huenda akapiga ngoma mwingine akafunikwa. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Sasa wanamcheza nani?"

Huku pwani msichana aliyepitia unyago tunasema amechezwa. Wengine wanacheza, yeye anachezwa, na akitoka hapo si yule aliyeingia. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichotupa mchezo wa kuigiza (na mchezo wa kupeana hela wa mama zetu, lakini huo tuuache). Nilikuwa na miezi minane ndani ya shahada ya uzamili, naandika tasnifu juu ya chimbuko la sanaa za maonyesho, na neno hilo sikuwa nimelisikia vizuri hata mara moja.

Sura yangu ya pili ilikuwa ngazi. Chini kabisa matambiko, juu kabisa tamthilia. Nilianza na Aristotle, aliyesema tanzia ilitokana na waongozaji wa dithirambo, nyimbo za kumwadhimisha mungu Dionysus; nikashuka mpaka Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ndicho TaSUBa. Katikati nikamweka Richard Schechner, anayesema kinachotenganisha tambiko na maonyesho ni kama tendo linafanywa ili lilete matokeo au ili liburudishe, na kwamba mambo hayo mawili husukana kama nywele. Msimamizi wangu aliipenda. Mimi pia niliipenda, ndiyo sababu swali la bibi liliniudhi.

Desemba binti wa mjomba akawekwa ndani, nami nikaenda Zinga na daftari. Bibi ni kungwi. Alisimama mlangoni, akaniangalia kama mgeni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Asiyechezwa haingii."

Ni kweli, mimi sikuchezwa. Nilipovunja ungo nilikuwa bweni Morogoro. Mama, ambaye ni mwalimu na aliondoka kwao mapema, alinitumia pakiti ya pedi na kuniambia nisome kitabu cha Baiolojia. Bibi hakumlaumu hata siku moja, au hakumlaumu mbele yangu.

Basi nikakaa barazani na wanaume na kuku. Kupitia ukuta wa udongo nilisikia nyimbo, vicheko, mtu mmoja akiulizwa jambo na wengi wakimjibia. Halafu kimya. Kimya kirefu, ambacho hakuna ukumbi ungekivumilia; mtu angekohoa. Kisha vigelegele. Katika kitabu chao cha 1976, *Fasihi na Sanaa za Maonyesho*, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya wanataja mambo manne yanayohitajika: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Niliyakariri kidato cha tano. Pale barazani nikahesabu watu wa mle ndani kwa sauti zao: anayeimba, anayeitikia, anayefunza, anayefunzwa, anayekoroga sufuria uani huku akipokea kiitikio. Sikumpata mtazamaji. Mtazamaji alikuwa mimi, na mimi ndiye niliyefungiwa nje.

Siku ya kutolewa, mwali alipita amebebwa mabegani, macho chini. Huyu ni mtoto aliyekuwa akinisumbua nimrushie vocha. Hakuniangalia. Mzee mmoja niliyekaa naye barazani alisimama kumpisha, na hakuwa akiigiza.

Usiku bibi akanikuta nimekaa na daftari tupu. "Unataka kuona?"

"Nataka, bibi."

"Nitakucheza, mke mwenzangu. Umri hauna neno, wapo waliochezwa wakubwa kuliko wewe. Lakini ya ndani hayatoki. Ukiingia, huandiki."

"Na nisipoingia?"

"Andika ulichosikia ukutani."

Nilirudi Dar nikaifuta ile ngazi. Msimamizi anasema sasa sura haina hoja, ina baraza tu, na anataka rasimu mpya kabla ya mwisho wa mwezi. Nimejaribu kusema kwamba huenda maonyesho yalianza siku mtu wa kwanza alipozuiwa mlangoni, akabaki anasikiliza. Ameandika pembeni kwa wino mwekundu: ushahidi?

Juzi bibi alipiga simu. Shule zikifungwa atakuwa na mwali mwingine. Akauliza habari za mama, akauliza kama mvua imefika huko, kisha akauliza nataka kanga ya rangi gani.

Sijamjibu.