Uliza Mshahara Kabla Uanze Kazi

Wasee, kila semina ya vijana na kazi hapa Nairobi huimba wimbo mmoja. Fika mapema, vaa nadhifu, salimia wakubwa, weka simu kando. Sawa, siwezi kupinga. Lakini tangu niache chuo nimekaa kwa hizo semina tatu au nne, na hakuna siku mtu amesimama akasema: kabla uanze kazi, uliza utalipwa pesa ngapi, lini, na uandikiwe. Kwangu hilo ndilo somo la kwanza. La simu lingengoja.

Tunaogopa kuuliza. Ukitaja mshahara kwa intavyuu unaambiwa vijana wa siku hizi mnapenda pesa kuliko kazi. Hata nyumbani mzazi anakwambia, "Wewe shika tu hiyo kazi, hayo mengine yatajipanga." Nawapenda wazazi wetu, lakini hayajipangi.

Karo ilipolemea nyumbani nikatoka chuo mwaka wa pili, nikapata kazi kwa duka fulani la vipodozi katikati ya jiji. Tuliingia watu wanne siku moja. Tukaambiwa wiki mbili za kwanza ni za kujifunza, mambo ya pesa tutaongea baadaye. Kujifunza kwenyewe kulikuwa kupanga mafuta ya nywele kwa rafu, kushusha katoni kutoka stoo ya gorofa ya tatu, na kuuza, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Siku ya kumi na nne: asanteni, tutawapigia. Jumatatu nikipita nje ya hilo duka nikaona wengine wanne wapya na katoni begani. Keshia wa hapo, mama wa makamo, alinifuata mpaka mlangoni. "Mtoto wangu, mimi huona sura mpya kila wiki mbili. Huko unakoenda, mtu akikuandika, mwambie aandike kweli, kwa karatasi."

Basi nikatafuta Sheria ya Ajira ya 2007. Iko kwa intaneti, bure, na si ngumu vile unafikiria. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na wa kuutayarisha ni mwajiri, si wewe. Asipokuwa nao na mambo yafike kortini, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana ni wake. Kipindi cha majaribio hakipiti miezi sita, isipokuwa wewe mwenyewe ukubali kiongezwe, na akitaka kukuachisha ndani yake anakupa notisi ya siku saba au mshahara wa hizo siku saba. Kuna siku moja ya kupumzika kila wiki. Kuna likizo ya siku 21 za kazi, yenye malipo, ukimaliza mwaka. Hizo si zawadi za bosi mwenye roho safi.

Na ile tabia ya kuitisha vyeti vyote kabla hata ya intavyuu, cha tabia njema kutoka DCI, HELB, KRA, CRB? Unalipia, unapanga laini, halafu kazi hupati. Sheria ilirekebishwa 2022: mwajiri anafaa kuviitisha akiwa ameamua kukupa kazi. Sema tu matangazo mengi bado yanajifanya hayajasikia.

Kazi ya pili ilikuwa duka la vifaa vya simu. Intavyuu ya mdomo, dakika kumi. Jioni nikamtumia meneja ujumbe kwa WhatsApp: "Habari ya jioni, madam. Asante kwa nafasi. Nilivyoelewa, naanza Jumatatu saa mbili, mshahara ni 18,000 kwa mwezi, unalipwa kufikia tarehe tano, na Jumapili ni mapumziko. Kama kuna mahali sijaelewa vizuri, naomba unisahihishe." Mkono ulitetemeka nikituma. Baada ya lisaa akajibu: "Ni sawa. Kuja na nakala ya kitambulisho." Hakuna moto uliowaka. Na kama angekasirika kwa ujumbe wa adabu kama huo, ningekuwa nimejua mapema mwisho wa mwezi utakuwa vipi.

Halafu piga hesabu, kwa sababu hiyo 18,000 haikufikii ikiwa nzima. NSSF asilimia 6, hapo 1,080 imeenda. SHA asilimia 2.75, ni 495. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5, ni 270. PAYE kwa mshahara huo haikugusi. Zinabaki 16,155. Nilikuwa nakaa Githurai, nauli 200 kwa siku kwenda na kurudi, mara siku 26, ni 5,200. Chakula cha kibanda cha 100, ni 2,600. Mkononi kuna 8,355 na mwenye nyumba hajabisha. Ndio maana wimbo wa "fika mapema" huniudhi kidogo. Kufungua duka saa mbili nilikuwa natoka kwa nyumba saa kumi na mbili, na mvua ikinyesha makanga anapandisha nauli bila kuniuliza mshahara wangu. Nilikuwa nafika. Lakini huko kufika nilikuwa nakulipia mimi.

Itisha pia hati ya mshahara kila mwezi, ile inayoonyesha kila kitu kilichokatwa. Ni haki yako. Kisha angalia akaunti yako ya NSSF uone kama pesa zilifika, maana kukatwa ni jambo moja na kupelekwa ni lingine.

Baada ya miezi kumi na moja niliacha hiyo kazi nianze hizi video. Nikaitisha cheti cha utumishi. Ukimaliza wiki nne mfululizo kwa mwajiri lazima akupe ukitoka, hata mkiachana vibaya. Hakisemi kama ulikuwa mzuri au mbaya, kinasema tu ulianza lini, ukaacha lini, na ulifanya kazi gani. Changu kiko kwa bahasha ya kaki, pamoja na cheti cha KCSE.