Kwa Treni Hadi Kilele cha White Pass

Meli yetu ya kitalii ilifunga gati Skagway, Alaska, asubuhi yenye ukungu, na treni ilikuwa ikitungoja hapo hapo bandarini. Abiria walikimbilia viti vya kushoto, upande wenye mandhari. Mimi nilisimama nje, kwenye kibaraza cha behewa, maana nilitaka kuiona reli yenyewe. Nimekulia Voi, na treni ya usiku ndiyo iliyokuwa saa yetu.

Reli ya White Pass na Yukon ilianza kujengwa 1898, miaka miwili baada ya ile ya Mombasa, nayo ni nyembamba kuliko yetu ya zamani: sentimita 91, yetu mita moja. Wembamba huo uliwawezesha wahandisi kuipindapinda ubavuni mwa mlima, kwani inapanda karibu mita 870 ndani ya kilomita 32 tu. Kwenye kona kali nilikiona kichwa cha treni chote mbele yetu, na chini ya miguu yangu genge tupu. Waliopasua mwamba huo kwa baruti walifanya kazi wakining'inia kwa kamba.

Tulipofika penye msalaba mweusi, msimulizi alitueleza kwenye kipaza sauti kwamba Agosti 1898 jiwe la tani 100 liliwaangukia vibarua wawili. Wangali chini yake. Juu zaidi tukapita korongo la farasi waliokufa. Wanyama wapatao 3,000 waliangamia katika njia ya miguu iliyopita hapo, wamelemewa na mizigo ya wasaka dhahabu wa Klondike. Kijia chao bado kinaonekana mawe kwa mawe, nami sikuweza kukiondolea macho.

Mwaka huohuo wa 1898, simba walikuwa wakiwala wajenzi wa reli pale Tsavo, jirani na kwetu. Habari za simba nilisimuliwa tangu utotoni. Kwamba ujenzi wa reli yetu uliondoka na roho za watu wapatao 2,500, wengi wao vibarua kutoka India, nilikuja kusoma mwenyewe ukubwani. Jambo hilo liliniuma sana kule juu. Vibarua hao walistahili kutajwa kwanza, simba baadaye.

Kileleni, mpakani mwa Marekani na Kanada, vichwa vya treni vilihamishiwa upande wa pili, na abiria wakabadilishana viti. Mzee mmoja Mmarekani aliposikia natoka Voi, alichangamka: simba wa Tsavo amewaona katika jumba la makumbusho la Chicago! Nikaketi karibu naye, nikamweleza habari za wajenzi hadi tukafika gatini.