Jiko moja, sheria mbili: Mboga zilivyotupatanisha Singida

Safari ya basi kutoka Dodoma mpaka Singida ni kama kilomita 240. Ukishapanda ukingo wa Bonde la Ufa na kuipita Manyoni, miti inakuwa mifupi na mawe makubwa yanaanza kujitokeza mashambani. Njiani utaona madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya barabara, na wenye kuku wa kienyeji wakisogelea madirisha ya basi. Abiria wengi hawapiti Singida bila kununua kimojawapo.

Safari hii sikwenda kununua alizeti. Wiki moja kabla, dada yangu alinipigia simu. Mtoto wake wa kiume, mwenye miaka minne, alikuwa amepimwa kliniki na kukutwa na upungufu wa damu. Alipewa dawa za kuongeza damu na za minyoo, na dada akaambiwa aboreshe mlo.

"Mdogo wangu, si ndiye unayeandika mambo ya afya gazetini?" aliniambia. "Njoo uangalie tunakosea wapi, maana chakula kipo."

Nilipofika nilikuta chakula kweli kipo. Kulikuwa na gunia la mahindi, debe la mtama, karanga, na kuku saba wakizunguka uani. Tatizo nililiona jioni ya kwanza, wakati wa kupika. Nyumba moja ilikuwa na majiko mawili na sufuria mbili za mboga.

Shemeji yangu ni Mnyaturu na ni Muislamu. Mama yake, ambaye sote tunamwita Bibi kwa ajili ya mtoto, anaishi nao. Dada yangu ni Msabato tangu utotoni na hajabadili. Bibi hali nyama ambayo hajui imechinjwa na nani. Dada naye hali kambale wala sungura, kwa sababu Wasabato hufuata kitabu cha Walawi sura ya 11, kinachotaka samaki awe na mapezi na magamba, na mnyama awe na kwato zilizopasuka na awe anacheua. Kambale hana magamba, na Bibi anampenda kambale kuliko samaki wote.

Hawakuwahi kugombana, na nafikiri hapo ndipo shida ilipojificha. Kwa kuheshimiana, kila mmoja alijipikia. Bibi hakutaka kumpa mjukuu kitu ambacho mama yake angekikataa. Dada naye hakutaka mkwewe aone kwamba anamlisha mtoto "kikwao". Mtoto akabaki katikati na sahani yenye ugali na mchuzi mwepesi, na kati ya mlo na mlo chai ya rangi na andazi. Mboga za majani zilipikwa siku ambayo hakuna hela ya nyama.

Sheria inakataza, haijazi sahani

Usiku ule nilimuuliza dada wanakula nyama au samaki mara ngapi kwa wiki. Alifikiri, akasema mara mbili, wiki nzuri mara tatu. Kisha akacheka mwenyewe. "Kumbe tumegawana majiko kwa ajili ya chakula cha siku mbili," alisema.

Nilimweleza kuhusu Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi wa karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, iliyoanza mwaka 1919 chini ya Semei Kakungulu. Sheria yao ya chakula, wanayoiita kosheri, inatoka katika sura ileile ya Walawi anayoisoma dada. Inakataza nguruwe, kama ilivyo kwa Bibi. Inakataza samaki asiye na magamba, kama ilivyo kwa dada. Inakwenda mbali zaidi: nyama na maziwa haviliwi katika mlo mmoja. Lakini mboga, nafaka, kunde na matunda haviko upande wa nyama wala wa maziwa. Vinaweza kuandamana na chochote.

Ukizitazama sheria zote tatu kwa pamoja, karibu makatazo yote yanahusu wanyama. Hakuna iliyomkataza mtu mchicha, majani ya maboga, bamia wala nyanya chungu. Wazazi wengi tunaijua vizuri orodha ya tusivyokula, lakini orodha hiyo haitujazii sahani. Nyumba yenye imani mbili inaweza kuwa na sufuria moja siku tano kati ya saba bila mtu kuvunja sheria yake, mradi sufuria hiyo iwe ya mboga na jamii ya kunde.

Ijumaa sokoni na jikoni

Asubuhi ya Ijumaa tulikwenda sokoni sisi watatu na mtoto. Ulikuwa msimu wa baada ya mavuno, lakini hata kiangazi cha Singida hakikosi mboga kama unajua pa kutazama. Tulinunua majani ya kunde mafungu matatu, nyanya chungu, nyanya, vitunguu, ndimu na mapapai mawili. Mlenda wa kukaushwa Bibi alikuwa nao ndani.

Nyumbani Bibi aliketi kwenye kigoda, ungo mapajani, akaanza kuchambua. Alishika jani mojamoja, akaligeuza, akaondoa mishipa migumu na kutupa lenye wadudu. Nilimwambia kwamba Wayahudi wanaoshika sheria yao hufanya vivyo hivyo, kwa sababu wadudu wamo katika vilivyokatazwa, hivyo mboga za majani hukaguliwa kabla ya kuliwa. Bibi aliitikia bila kuinua macho. "Basi na wao wamelelewa," alisema.

Jambo moja tulilobishana ni magadi. Huku magadi hutiwa kwenye mlenda ili ulainike na uteleze. Nilisema magadi huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B. Bibi akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, mlenda bila magadi si wa kumwekea mgeni." Tulikubaliana nusu kwa nusu. Mlenda wa Bibi ubaki na chembe ya magadi, na majani ya kunde ya kila siku yasiguswe nayo.

Hivi ndivyo tulivyopika majani hayo kwa watu sita. Mzazi unayerudi nyumbani umechoka unaweza kuyamaliza kwa muda wa kusonga ugali.

Osha majani kwa maji yanayotiririka kabla ya kuyakata, kwa sababu ukikata kwanza vitamini nyingine huondoka na maji. Kaanga kitunguu kimoja kikubwa kwa vijiko viwili vya mafuta ya alizeti, weka nyanya tatu na nyanya chungu chache, funika mpaka zilainike. Tia majani na maji kidogo tu, funika. Yakishalainika, koroga vijiko vinne vya chakula vya karanga zilizosagwa katika maji kidogo, mimina, acha zichemke vizuri huku ukikoroga. Weka chumvi kidogo. Epua, kisha kamulia ndimu.

Kila kitu hapo kina kazi. Vitamini A iliyomo katika majani huhitaji mafuta ili mwili uichukue, na mafuta Singida yapo. Madini ya chuma yaliyomo katika mboga za majani hufyonzwa kwa shida, lakini vitamini C ya ndimu, papai au chungwa huusaidia mwili kuyachukua. Chai na kahawa hufanya kinyume: vikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kisifyonzwe. Karanga zichaguliwe, zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe, na kwa mtoto mdogo zisagwe laini kwa sababu karanga nzima inaweza kumpalia.

Kupika mara moja kwa siku mbili

Sabato ya dada huanza jua linapozama Ijumaa, na kuanzia hapo hapiki mpaka Jumamosi jioni. Zamani ilimaanisha kwamba Jumamosi mtoto anakula mkate na chai. Sasa Ijumaa mchana dada huchemsha choroko au kunde sufuria nzima. Zikipoa kidogo huziweka kwenye friji, na Jumamosi hupashwa moto mpaka zitokote. Nyanya, matango na karoti huoshwa Ijumaa na kukatwa wakati wa kula. Mapapai hayahitaji jiko kabisa.

Mbinu hiyo inamfaa mzazi yeyote, hata asiye na Sabato. Kama huna friji, usilaze mboga iliyopikwa. Andaa vile visivyoharibika: chambua na kuosha kunde kavu, saga karanga, weka tayari mlenda mkavu. Na ukikausha majani yako mwenyewe, yaanike kivulini penye upepo, yakiwa yamefunikwa kwa chandarua safi. Jua kali hupunguza vitamini A, na upepo wa Singida unatosha kuikausha mboga bila msaada wa jua.

Kiasi gani kinatosha? Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2023 linapendekeza angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku kwa mtoto wa miaka miwili hadi mitano, gramu 350 kwa wa miaka sita hadi tisa, na gramu 400 kuanzia miaka kumi. Kwa mtoto wa dada ni kama makonzi matatu ya mtu mzima, yakigawanywa kwa siku nzima. Tonge mbili za mlenda pembeni ya ugali hazifiki huko.

Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba karibu watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Wengi wao hawatoki katika nyumba zisizo na chakula. Wanatoka katika nyumba ambazo sahani ya mtoto ina ugali mwingi na vingine kidogo.

Miezi mitatu baadaye

Dada alinipigia tena baada ya miezi mitatu. Kipimo cha damu kilikuwa kimepanda na kufika kiwango cha kawaida. Sitadai kwamba ni majani ya kunde yaliyofanya kazi hiyo. Mtoto alikuwa amemaliza dawa zake, ametibiwa minyoo na analala kwenye chandarua. Mtoto mwenye upungufu wa damu anahitaji kliniki kwanza, na mboga huja kusaidia hali hiyo isirudi.

Lakini nilimuuliza dada kuhusu majiko. Akasema la pili linawashwa siku ya kambale tu. Siku nyingine Bibi anachambua, yeye anapika, na wote wanakula sahani moja na mtoto katikati yao. Chai imehamia saa kumi jioni.

Nikasikia sauti ya mtoto nyuma yake ikiuliza anaongea na nani. Alipoambiwa ni mama mdogo, aliiomba simu. Nilitegemea salamu.

"Mama mdogo," alisema, "ukija leta ndimu. Bibi anasema zimeisha."