Siku ya Pili ya Mbio

Kwetu Usukumani mwanamke juu ya baiskeli si habari. Anabeba maji, anabeba mtoto, anabeba gunia la mpunga, na siku ya mashindano anazikanyaga pedeli mpaka watu wanashika vichwa. Kwa hiyo Agosti 2024, Tour de France ya wanawake ilipoanzia hapa Uholanzi, sikwenda Rotterdam kushangaa nguvu za miguu. Nilitaka kuona kinachofanyika mtu akishamaliza.

Tarehe 13 walishindana mara mbili: asubuhi karibu kilomita 70 kutoka Dordrecht, baadaye kilomita 6.3, mmoja mmoja, kila mtu na saa yake. Katikati ya hapo mambo yote yalikuwa kwenye mabasi ya timu. Fundi anasugua mnyororo kwa brashi, mwingine anakagua matairi. Mwenye baiskeli yake hagusi hata spana. Kazi yake ni kula na kupumzika.

Kwetu mbio ni za siku moja. Mshindi anapewa bahasha, anapigwa picha, kisha anatafuta lifti ya Fuso arudi kijijini. Fundi ni wewe mwenyewe, na ukipata pancha, kwaheri.

Mbio za hatua nyingi hazimalizani na mtu haraka hivyo. Demi Vollering, mwenyeji kabisa, alianguka hatua ya tano, jezi ya njano ya anayeongoza ikaenda kwa Kasia Niewiadoma wa Poland. Siku ya mwisho, kileleni Alpe d'Huez, Vollering alimwacha kwa dakika 1 na sekunde 1, akaongezewa sekunde 10 za ushindi. Lakini asubuhi hiyo Niewiadoma alikuwa mbele kwa dakika 1 na sekunde 15, akabaki mshindi. Hatua nane, tofauti sekunde 4!

Wazungu nao wasijisifu sana: Tour de France ya wanawake ya hatua nyingi, chini ya waandaaji wa Tour, ilikoma baada ya 1989, ikarudi 2022. Na mwaka 2025 Kim Le Court wa Mauritius alivaa jezi hiyo ya njano, Mwafrika wa kwanza kuivaa katika mbio hizo, akashinda na hatua moja.

Nasi tuanzishe mbio za hatua nyingi za wanawake. Barabara tunayo. Mwigumbi hadi Maswa ni kama kilomita 50, Maswa hadi Bariadi vivyo hivyo, Bariadi hadi Lamadi 70 na ushee, lami tupu. Hizo ni siku tatu. Viongozi wa baiskeli Shinyanga na Simiyu, tafuteni kwanza mabweni ya shule, wapishi na mafundi wawili watatu. Zawadi tutachangishana, hata sisi wa huku.